Land Cruiser ya kiwandani na iliyoongezewa vitu: nilichokiona njia ya Amani na Pangani

Huku kwetu Tanga ukitaja gari la shamba, wengi wanakuelewa unasema Land Cruiser pikapu, ile modeli ya 79. Ninayoendesha mimi haijaguswa tangu itoke kiwandani: injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, springi za bapa nyuma na koili mbele, matairi membamba ya 7.50R16, habu za mbele za kushuka na kuzungusha kwa mkono. Binamu yangu anayo ya aina hiyohiyo na injini ileile, ila yake imeinuliwa inchi 2, imevishwa matairi mapana ya kashata ya 285/75R16, imefungwa difu loki ya upepo nyuma (kifungio kinacholazimisha matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja), mkonga (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu), bampa la chuma na winchi. Wote tunashusha iliki na pilipili manga kutoka Amani kuja Muheza, na magari tunaazimana mara kwa mara, kwa hiyo yote mawili nayajua kwa usukani.

Gari lake linapita sehemu ambazo langu linakwama, hilo halina ubishi. Linalolipitisha ni difu loki, wala si kule kuinuliwa kunakowavutia watu barabarani.

Ukishapita Sigi njia inaanza kupanda kwa kona, na masika udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Malori yakishachimba mitaro, kuna kona pikapu inakaa mshazari: tairi la mbele kulia liko juu ya ukingo, la nyuma kushoto limebeba uzito, la nyuma kulia liko hewani juu ya mtaro. Springi za kiwandani zimetengenezwa kubeba mzigo mzito, kwa hiyo gari tupu ni gumu na tairi linanyanyuka upesi. Difu ya kawaida inapeleka mzunguko kwenye tairi lisilo na kazi. Unaweka foo wili, unaweka lo (gia nzito), unakanyaga mafuta, na lile la hewani linazunguka bure huku gari limesimama palepale. Mimi hapo narudi nyuma, natafuta mstari mwingine, naweka mawe.

Kwa gari la binamu, tairi hilohilo linanyanyuka kwenye kona hiyohiyo. Anabonyeza swichi, kikompresa kinanguruma kidogo, difu inafunga, na tairi lililo chini linasukuma. Gari linapanda taratibu, gia ya kwanza, injini haijapigiwa hata kelele. Akifika juu anaachia swichi, upepo unatoka psss, anaendelea na safari.

Sasa hizo inchi 2. Kuinua springi kunapandisha bodi na chesisi, na kunasaidia bampa lisigonge ukingo wa mtaro. Lakini difu imekaa kwenye eksili, na eksili inapandishwa na tairi peke yake. Nilichukua futi nikapima chini ya difu za magari yote mawili: yake imezidi yangu sentimita moja na ushei. Jiwe litakalogonga difu yangu lina nafasi kubwa ya kugonga na yake.

Kwenye tope jepesi lenye udongo mgumu chini yake, tairi langu jembamba linanifurahisha zaidi. Linakata mpaka chini na kushika, wakati lile pana linataka kuelea juu ya tope na kwenda pembeni. Na nikiwa na magunia nyuma, uzito unakandamiza eksili, springi zinakubali kujikunja, napanda vizuri kuliko nikiwa tupu.

Mchangani, njia za kwenda Ushongo kule Pangani, nilitegemea tairi pana lishinde kwa mbali. Limeshinda kidogo. Upepo ndio wenye neno la mwisho: shusha hadi psi 18 hivi, na gari la kiwandani linatembea pale ambapo lenye kashata zilizojaa upepo linajichimbia kaburi. Binamu anajazia tena kwa kompresa ileile ya difu loki. Mimi nabeba pampu ya kuchomeka kwenye betri.

Kwenye lami ya Muheza kuja mjini, langu ndilo raha. Lile lililoinuliwa linayumba kwenye kona, matairi yanavuma, breki zinataka umbali zaidi, na spidi unayoisoma kwenye dashibodi iko chini ya ile halisi kwa sababu tairi limekuwa kubwa.

Mkonga ni mzuri kwa vumbi na kwa maji, ila usikudanganye. Difu zina vipumulio vyake. Difu ya moto ikiingia mtoni ghafla inanyonya maji, mkonga uwepo usiwepo. Virefushe kwa mipira hadi juu kwanza.

Hela yangu ikipatikana, gari langu linabaki na kimo chake na matairi yake membamba, nafunga difu loki ya nyuma tu. Ila kazi hiyo simpi fundi yeyote. Lazima difu ifunguliwe na meno yake yapangwe upya kwa vipimo, na yakipangwa kwa kukadiria difu inaanza kulia, kisha inajitafuna yenyewe. Kabla ya kumwachia gari, mwambie akuonyeshe geji anayopimia. Asiyekuwa nayo, ondoka na gari lako.