Chuseok kwa mwalimu mgeni: Seoul au Busan?

Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea, ikikaribia, walimu wa Kiingereza wageni huko Korea Kusini huulizana: tubaki Seoul au twende Busan? Kwa gharama, Seoul ni nafuu. Kasri la Gyeongbokgung mara nyingi halitozi kiingilio siku hizo, na sokoni utapata songpyeon, keki ndogo za mchele zenye ufuta ndani, zilizopikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Ila maduka mengi madogo hufungwa, na upweke huuma kweli.

Busan ina ufuo wa Haeundae. Tatizo ni usafiri: tiketi za KTX, treni ya mwendo kasi, hugombewa mapema, na mabasi hukwama kwenye foleni.

Mwalimu mwenzako akikualika kwao Busan, nenda hata kwa basi. Kama mshahara wa kwanza bado haujaingia, baki Seoul.