Uzoefu wangu: nilimpeleka baba Mbeya kupimwa mtiririko wa damu miguuni

Mwaka mzima tulimkanda baba mguu wa kushoto kwa maji ya moto na kumpaka dawa ya kuchua, tukiamini ni baridi yabisi. Analima mpunga Igurusi, ana miaka 68, na sigara ameivuta tangu ujana. Akitoka nyumbani kwenda shambani, kabla hajafika banio la kwanza la mfereji wa maji ya mpunga, shavu la mguu linakaza kama limefungwa kamba. Akisimama dakika mbili tatu linaachia, anaendelea. Akienda mwendo ule ule, linakaza tena. Mpangilio huo ndio ulipaswa kutushtua mapema, kwa sababu msuli unaokosa damu ndio unaouma ukifanyishwa kazi na kutulia upesi ukipumzishwa.

Presha ya mkono alikuwa ameshapimwa mara nyingi. Mguu hakuna aliyeugusa.

Mahali pa kwanza tulipokwenda mjini walimpima akiwa bado anahema kwa ngazi, suruali imekunjwa na kumbana gotini. Tukapewa majibu ambayo daktari wetu aliyakataa. Hela ikaenda. Wiki mbili baadaye tukaenda kwingine, na hapo ndipo nataka kupasema.

"Shikamoo baba." "Marahaba, binti yangu." Mtaalamu akamlaza, akamfunika blanketi (ilikuwa Juni, na baridi ya Mbeya mnaijua), akamwacha dakika kumi bila kumgusa. Niliona tunacheleweshwa. Akanieleza kwamba baridi hubana mishipa midogo, na mtu aliyetoka kutembea vipimo vyake vya kifundoni hubadilika, kwa hiyo ukipima haraka unapima safari, humpimi mtu.

Kisha akapaka jeli na kuweka kifaa kama kalamu nene, kalamu ya dopla. Kwenye mkono sauti ilitoka kali, ya kukatika: pwaa-pa, pwaa-pa. Mguu wa kulia, nyuma ya kifundo upande wa ndani, karibu vile vile. Alipohamia kushoto ikawa fuuu… fuuu…, sauti moja inayojivuta. Baba aliinua kichwa mwenyewe kabla hajaambiwa kitu, akasema, "Hayo maji hayana kasi."

Kalamu hiyo hutuma sauti ya mitetemo kama milioni 8 kwa sekunde, ambayo sikio halisikii. Inagonga chembe nyekundu za damu na kurudi ikiwa imebadilika kidogo kufuatana na mwendo wa chembe hizo, na tofauti hiyo ndiyo inayosikika kwenye spika. Sisi wa kando ya barabara kuu tunaijua bila kusoma: honi ya basi la Tunduma ni nyembamba likija, ikishakupita inakuwa nzito. Christian Doppler wa Austria alieleza kanuni hiyo mwaka 1842, na yeye alikuwa akiwaza mwanga wa nyota.

Baada ya kusikiliza akafunga mkanda wa presha juu ya kifundo, akaujaza upepo mpaka sauti ikakatika, akaushusha polepole hadi iliporudi. Mkono 142, kifundo cha kulia 136, cha kushoto 88. Unagawanya ya kifundo kwa ya mkono: kulia 0.96, kushoto 0.62. Chini ya 0.9 ni dalili kwamba ateri za mguu, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zimeziba au zimebanwa.

Baba aliuliza swali ambalo nami nililitaka: mbona akikaa haumi? Jibu ni kwamba msuli uliotulia hutosheka na damu kidogo, ila ukitembea unadai mara kadhaa zaidi, na njia nyembamba haiwezi kuipitisha. Upana una nguvu kuliko tunavyodhani. Poiseuille, daktari Mfaransa, alionyesha kwa vijibomba vya kioo miaka ya 1840 kwamba bomba likipungua upana kwa nusu, msukumo ukibaki ule ule, kinachopita ni sehemu moja tu ya 16. "Kumbe mfereji umejaa tope," baba akasema, akanyamaza muda mrefu.

Tulilipa shilingi 40,000 kwa miguu yote miwili. Nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kwenye karatasi waliandika "mtiririko hafifu" bila tarakimu, nikalazimika kuziomba, na bila hizo kipimo kijacho huna cha kukilinganisha nacho. Dai tarakimu zako. Na mwenye kisukari awaambie mapema: ateri zake zinaweza kuwa ngumu kiasi kwamba mkanda haubani vizuri na namba inatoka kubwa ya uongo. Kwake hupimwa kidole gumba cha mguu.

Kalamu haionyeshi mshipa umezibia wapi. Hiyo ni kazi ya utrasaundi ya rangi, ambayo daktari alisema kwa sasa tunaweza kuisubiri. Alimpa baba dawa, akamkataza sigara kabisa, na akamwagiza atembee hadi mguu uume, apumzike, aendelee, nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki. Sasa anatembea juu ya tuta la mfereji, mimi nyuma yake na simu nikihesabu dakika. Jumamosi alilipita banio la kwanza bila kusimama. Kipimo cha kurudia ni Septemba.