Gitaa la baba mdogo: nimelipa mara mbili kujua lina miaka mingapi

Nianze na bei, maana najua ndicho mnachotaka. Huduma ya kwanza, ya kutuma picha kwa mtu wa ng'ambo, dola 30. Ya pili, fundi wa hapa hapa Dar, shilingi 40,000 na soda moja. Ya kwanza sirudi tena. Ya pili nimeshampeleka rafiki.

Gitaa lenyewe ni Fender Stratocaster, mbao imeachwa na rangi yake, kibao cha plastiki usoni ni cheusi, na ni zito kama jiwe la kusagia. Baba mdogo alikuwa mpiga solo wa bendi za dansi. Alipofariki likabaki Temeke, uvunguni mwa kitanda, ndani ya sanduku lililokufa kufuli. Sisi watoto tumekua tukiambiwa hilo ndilo alilopiga usiku wa kuzaliwa kwa CCM, Februari 5, 1977. Hiyo ni habari ya familia, haina mjadala, inasimuliwa kila msiba.

Yule wa picha aliniomba tatu: mbele, nyuma na kichwa cha gitaa penye namba. Namba inaanza na S8. Baada ya siku mbili akanijibu kwa mistari minne: S ni ya miaka ya sabini, 8 ni mwaka, kwa hiyo ni la 1978. Basi. Dola 30 zangu zimeondoka hivyo, kwa jambo ambalo ningelipata bure kwenye orodha yoyote ya namba. Na kosa kubwa siyo bei. Ni kwamba alisema "ni la 1978" kama mtu aliyekuwepo kiwandani. Namba hizo zilihamia kichwani mwa gitaa mwaka 1976. Kabla ya hapo zilikuwa kwenye kile kibati cha nyuma panapofungwa shingo. Zilikuja kama stika zilizochapishwa kwa wingi, na zilizobaki ziliendelea kubandikwa hata mwaka ulipogeuka. S8 inakuambia stika ilichapishwa kwa ajili ya mwaka gani. Gitaa limetoka lini, hiyo ni hadithi nyingine.

Fundi niliyempata ni mzee wa makamo, anatengeneza amplifaya na redio za zamani, magitaa ni kazi ya pembeni. Kwanza hakuitazama namba kabisa. Alilipakata, akalegeza nyuzi zote taratibu, moja moja, huku akiniuliza marehemu alikuwa akipigia bendi gani. Kisha akatandika kanga mezani, akafungua skrubu 11 za kile kibao cheusi, akazipanga kwa mpangilio ule ule zilivyokaa. Kibao akakigeuza kichwa chini kama mtu anayegeuza chapati isivunjike, na nyaya zake bado zimeshika.

Pale chini kuna voliumu tatu, vile vikopo vya bati vinavyoshika vitufe vya kuzungusha. Akachukua pamba na spiriti, akafuta mgongo wa kimoja, akanipa tochi ya simu nishike. Uchafu ulipotoka zikajitokeza tarakimu zilizogongwa kwenye chuma: 1377914.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma. Akanichambulia kwa ncha ya bisibisi. 137 ni kiwanda kilichotengeneza hiyo voliumu, CTS cha Marekani. 79 ni mwaka. 14 ni wiki. Wiki ya 14 ya 1979 ni mwanzoni mwa Aprili. Kwenye magitaa mengine utakuta 304, hao ni Stackpole, lakini usomaji ni ule ule. Cha pili kilikuwa na namba hiyo hiyo. Cha tatu hakikuwa na namba ya namna hiyo kabisa, na lehemu yake ilikuwa inang'aa, wakati ya vile viwili imefifia na kuwa kijivu. "Hiki kimebadilishwa," akasema, "na aliyebadilisha alikuwa na haraka."

Hapo ndipo nilipoona thamani ya pesa yangu. Namba ya voliumu haisemi gitaa lilitoka siku gani, maana voliumu inaweza kukaa kwenye boksi kiwandani miezi mingi kabla ya kufungwa. Inachosema ni kwamba gitaa halikufungwa kabla ya hapo, ila kama waya umeguswa baadaye. Na ya kwetu, kwenye zile mbili, lehemu haijaguswa. Mengine yote yalikubaliana naye: shingo imefungwa kwa skrubu tatu badala ya nne, mtindo wa Stratocaster za miaka ya sabini, plastiki nyeusi, iliyoanza kutumika katikati ya miaka hiyo, swichi ya hatua tano, iliyoanza kufungwa kiwandani 1977. Shingo nayo aliitoa kuangalia mhuri wa wino kwenye kisigino chake. Umefutika, hausomeki. Hakubahatisha, na hilo nimempa nyota ya ziada.

Malalamiko yangu kwake ni mawili. Aliniambia "njoo kesho" mara tatu. Na skrubu moja ya kibao imerudi ni fupi kuliko wenzake, nayo anaapa ilikuwa hivyo hivyo. Nyota nne. Wa picha nampa mbili, moja kwa kujibu na moja kwa Kiingereza kizuri.

Kwa bei, matarajio yangu yameshuka. Wanunuzi wa nje huwa wanatafuta za kabla ya Januari 1965, Fender ilipouzwa kwa kampuni ya CBS. Hizi za mwishoni mwa sabini haziko kwenye daraja hilo. Sitaki kuuza hata hivyo. Nasema tu.

Ila kuna hesabu nyingine, nayo fundi aliifanya kabla yangu. Nilishamsimulia ile ya Februari 1977. Alikuwa anarudisha skrubu ya mwisho, akasema bila kuniangalia, "Hili lilikuwa bado halijazaliwa." Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba wakati ule wanamuziki wengi hawakuwa na magitaa yao, vyombo vilikuwa mali ya bendi, na bendi mali ya jumuiya au shirika. Marehemu huenda alipigia la bendi, hili akalinunua baadaye.

Jumapili nikaenda Temeke. Nikamwamkia mama mdogo, nikakaa, nikazunguka weee, mwisho nikamwambia. Wiki, mwaka, kile kikopo, yote. Alinisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua uso. Alipomaliza ungo ule akanyanyuka, akaleta picha: baba mdogo jukwaani, suruali pana, gitaa kifuani. Picha imekatwa pale pale kichwa cha gitaa kinapoanzia, namba haionekani. Lakini kibao chake ni cheupe.

Nikamwonyesha kwa kidole. "Mama mdogo, hili letu ni jeusi."

Akanichukulia picha yake, akaifuta kwa kanga. "Mwambie huyo fundi wako, mimi nilikuwepo."