Printa ya waifai nyumbani Kiseke: miezi 8 na mapacha wangu na biashara ya dagaa

Habari zenu wapendwa. Nimekaa na hii printa miezi 8 sasa nikaona niandike, maana kipindi natafuta ya kununua sikupata mtu wa huku kwetu aliyeeleza kwa kina, wengi wanakwambia "iko poa" wanaishia hapo. Naishi Kiseke hapa Mwanza, nauza dagaa Mwaloni Kirumba, na nna mapacha, Kulwa na Doto, wako darasa la nne. Hao ndo walionifanya ninunue.

Shule zikifunga mwalimu anarusha pakeji ya likizo kwenye grupu la wazazi wotsap, pidiefu, kurasa 40 na zaidi, na ukiwa na mapacha hakuna cha kuazimana, kila mmoja anataka ya kwake aandikie majibu. Kwa hiyo kurasa 80, steshenari ninayoendaga wanachaji 200 kwa ukurasa, hapo elfu 16 imeenda kwa pakeji moja, bado nauli, bado foleni, na ukifika umeme ukiwa hamna unarudi mikono mitupu. Mwaka huu wana upimaji wa taifa wa la nne, mazoezi yanakuja kila wiki. Nikamwambia baba Kulwa hapana, tujichange.

Nilitaka mashine moja inayoprinti, inayoskani na kutoa kopi, afu iwe ya waifai manake laptopu yetu inakaa chumbani na simu ndo tunazotumia zaidi. Dukani mjini walinionyesha za katriji (kile kiboksi cha wino unachobadilisha kikiisha), bei ndogo inavutia kweli, ila nikauliza katriji shingapi, nikapiga hesabu ya kurasa za hawa watoto nikaona hapana, ndani ya muda mfupi wino utakuwa umenigharimu kuliko mashine. Nikachukua ya matangi, ile unamimina wino wa chupa. Epson ndo walianza kuuza za matangi kule Indonesia mwaka 2010, watu walikua wanaunganisha wenyewe mipira na chupa za wino kwenye printa za katriji, kampuni ikaona bora itengeneze yenyewe, na sasa kampuni nyingine kubwa nazo zinazo. Yangu ilinitoka 550,000. Iliniuma siku ile.

Kuiwasha sio kazi. Unatoa zile seloteepu zote (fungua hadi mfuniko wa ndani, zingine zimejificha huko), unamimina wino, kila rangi na tangi lake, unabonyeza inaanza kuvuta wino kupeleka kwenye hedi, kile kichwa kinachotembea kikitema wino kwenye karatasi. Yangu ilichukua kama dakika 10, usiizime hapo hata ikilia vipi. Nilishtuka kuona matangi yameshuka hata karatasi moja sijaprinti, kumbe wino unajaza kwanza ile mipira ya ndani na hedi. Kwa hiyo ile namba ya kurasa walioandika kwenye boksi usiitegemee kwa chupa za mwanzo, chupa za pili ndo zitakwenda mbali.

Sasa waifai. Hapa ndo nilikwama siku tatu, na hapa ndo nataka watu wasome vizuri. Printa ikatafuta mitandao, ikaleta waifai ya jirani wa juu kwenye mawe, ikaleta ya dukani kwa mangi, ya kwetu haipo! Na ruta iko hatua mbili tu kutoka hapo, simu zote zimeshika. Nikazima nikawasha, nikaisogeza mpaka ikagusana na ruta, wapi. Nikaita fundi mmoja, akaiangalia kidogo akasema kadi ya waifai imekufa, anataka 60,000 abadilishe. Mashine ina siku mbili jamani. Nilikua nishaanza kuhesabu hela ndo nikampigia mdogo wangu yuko Geita, yeye ana mambo ya kompyuta, akaniuliza swali moja tu, "Dada, ruta yenu iko kwenye 5 au 2.4?" Nikamwambia sielewi unachosema.

Akanielekeza kwa simu. Waifai za nyumbani nyingi zina masafa mawili, 2.4GHz na 5GHz. Ya 5 ina spidi ila haifiki mbali na kuta zinaisumbua, ya 2.4 ni taratibu kidogo ila inapenya. Printa nyingi za nyumbani zinashika 2.4 peke yake. Aliyetufungia ruta alikua ameacha 5 tu ikiwaka, labda ili muvi zisikwame, kwa hiyo printa ilikua haiioni kabisa, kwake ni kama haipo. Nikafungua browza kwenye simu, nikaandika zile namba ziko kwenye stika chini ya ruta, zinaanza na 192.168, nikaingiza paswedi ya hapo hapo kwenye stika, nikawasha 2.4 nikaipa jina lake peke yake. Nikarudi kwenye printa nikatafuta upya, jina likatokea la kwanza juu kabisa. Nilipiga kelele Doto akatoka nje mbio anadhani nyoka. Yule fundi sikumrudia.

Paswedi unaandika kwa vile vimishale herufi moja moja, inachosha, na ukikosea kubwa na ndogo inakataa. Kama ruta yako ina kitufe cha WPS bonyeza hicho, afu ndani ya dakika 2 ubonyeze na cha printa, vinajuana vyenyewe bila paswedi.

Simu yangu ya Android iliiona baada ya kuweka apu ya printa, ya baba Kulwa ni iPhone hiyo haikuhitaji apu yoyote, unafungua pidiefu unabonyeza print inatokea. Laptopu tulishusha programu mtandaoni kwenye tovuti ya kampuni manake waliweka CD kwenye boksi na laptopu haina pa kuchomeka CD.

Wiki mbili raha mustarehe, afu umeme ukakatika usiku, uliporudi printa inasema ofulaini. Inawaka, taa ya waifai iko sawa, ila simu na laptopu haziioni. Hii ilinirudia mara nne mpaka mdogo wangu akanieleza kwamba ruta ikiwaka upya inagawa namba kwa vifaa upya, printa inaweza kupewa namba nyingine na laptopu bado inaitafuta kwenye namba ya zamani, ni kama umehama nyumba mgeni anagonga ulikohama. Dawa yake unaingia kwenye ruta kulekule, unaichagua printa unaifungia namba moja iwe yake siku zote. Tangu tumefanya hivyo haijarudia.

Umeme wenyewe una shida nyingine ambayo sikuijua. Ukizima printa kwa kitufe chake, utaona hedi inatembea mpaka pembeni kabisa inakaa kwenye kifuniko cha mpira, hicho ndo kinazuia wino usikauke kwenye vile vitundu. Ukichomoa ukutani au umeme ukikatika inaprinti, hedi inabaki wazi katikati ya njia. Nilikua nazima kwenye ekstenshen kila usiku, nikaacha. Sasa nazima kwa kitufe, nasubiri itulie, ndo nazima soketi. Na tukanunua UPS ndogo (betri inayoshikilia umeme ukikatika), hizi za wino zinakula umeme kidogo sana kwa hiyo inatosha kabisa kumalizia kurasa na kuizima kistaarabu. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS ndogo, ile inachemsha, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Kukauka huko kulinipata hata hivyo, kwa njia ya biashara yangu. Wanaojua dagaa wanajua, kipindi cha giza wavuvi wanaingia na taa, mzigo unatoka, naprinti ankara na orodha za mzigo kila siku. Mbalamwezi ikikaa vizuri dagaa hawafuati taa, kazi inalala, na watoto wakiwa shule hakuna wa kuigusa printa. Mbalamwezi ya mwezi wa tatu niliiacha kama siku 12, kuja kuprinti ramani ya Kulwa, bluu ya ziwa imetoka na mistari meupe meupe kama mkeka uliochanika, na njano haipo kabisa. Nikasafisha hedi mara moja, nikaprinti ule ukurasa wa kuangalia nozo (vile vitundu vya wino), bado. Mara ya pili ikakubali njano, mistari ikabaki miwili. Nikataka kuendelea, mdogo wangu akanizuia: kila ukisafisha inamwaga wino, na ule wino unaenda kwenye sponji la ndani, sponji likijaa mashine inagoma. Akasema iache usiku mzima afu ujaribu asubuhi. Asubuhi ikatoka safi. Sasa kila Jumapili Doto anaprinti picha moja yenye rangi zote, anachagua mwenyewe, ni kazi yake hiyo.

Kwenye kopi, wenzangu wa karibu na ziwa mtanielewa. Mwezi ukiandama wale wadudu wa ziwani wanaoonekana kwa mbali kama moshi unapanda majini, upepo ukiwaleta kwenye mitaa, wanafuata taa wanaingia ndani kila mahali. Kuna wiki kila kopi ilitoka na kidoa cheusi palepale, juu kulia, nikadhani wino unavuja. Nikafungua mfuniko wa skana, mdudu mmoja mdogo kabandika kwenye kioo. Nikafuta na kitambaa laini chenye maji kidogo (maji weka kwenye kitambaa, usinyunyizie kioo) kidoa kikaisha. Kama yako inavuta karatasi yenyewe kwa juu na unapata mstari mrefu mweusi, angalia kile kioo chembamba cha pembeni, uchafu kidogo tu pale unachora mstari karatasi nzima.

Karatasi nazo, tuna unyevu huku. Rimu ikiwa wazi karatasi zinajikunja, zinavutwa mbili mbili, zinajamu. Naweka kwenye trei chache, nyingine nafunga kwenye mfuko wake. Zikijamu vuta taratibu kwa mikono miwili, ikichanika kipande kikabaki ndani ndo utatafuta fundi kweli.

Wino mweusi wa yangu ni tofauti na wa rangi, mweusi unakaa juu ya karatasi, wa rangi unazama. Nilikuja kuliona hilo Mwaloni. Ankara ililowa kwenye beseni la mteja, jina la biashara nililoweka kwa bluu likatiririka likawa wingu, maandishi meusi ya kilo na bei yakabaki yanasomeka yote. Tangu siku hiyo ankara zangu ni nyeusi tupu.

Kwa hela, nyeusi ya chupa za kwanza imebaki kama robo, na nimeshamaliza rimu tatu na nusu. Spidi yake ni ndogo, pakeji nzima ya wawili inataka nusu saa na ushee, kwangu sio tatizo. Picha za rangi kwenye karatasi ya kawaida zimepoa, usitegemee za ukutani. Kuskani nimeipenda kuliko nilivyowaza, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za kiwanja nimeziweka zote kwenye simu kwa dpi 300 (kipimo cha ukali wa picha), zinasomeka hadi muhuri.

Jana usiku Kulwa alituma zoezi la hisabati mwenyewe kwa simu ya baba yake akiwa kitandani, nikasikia mashine inaamka sebuleni. Leo giza limeanza, ankara za asubuhi ziko kwenye trei, na nikirudi kutoka Mwaloni napitia mjini kuchukua chupa ya nyeusi.