Gamelan ya Java chuoni: nyota 4, moja nimekata
Jamani nilijiunga na kundi la gamelan (bendi ya ala za kugonga, nyingi za chuma, ya kisiwa cha Java, Indonesia) hapa chuoni Marekani nikidhani ni kugonga vyuma tu, kumbe wee! Unavua viatu mlangoni, unakaa chini, na ole wako upitishe mguu juu ya ala. Nikapewa saron, ala ya vibao vya chuma vilivyopangwa safu, mkono wa kulia unagonga kwa nyundo, wa kushoto unabana kile kibao ulichotoka kukigonga ili kinyamaze, wiki tatu mikono inagombana tu. Noti ni namba kwahiyo hata sie tusiojua muziki tunasoma, ngazi za sauti ni mbili, slendro ina sauti 5, pelog 7. Nyota nimekata sababu ya chumba, kidogo halafu joto balaa. Ila gong ageng, ule upatu mkubwa kuliko zote (sio gongo ya kunywa nyie), ikilia mwisho wa mzunguko wa wimbo unaisikia hadi tumboni. Muhula ujao nakuja na mto, magoti yamekoma.