Stempu: vitobo vya pembeni au herufi zilizotobolewa katikati, kipi kinagusa bei zaidi?

Watu wanachanganya hivi vitu viwili, sasa sikiliza. Vitobo vya pembeni ndo vya kuchania, na vinahesabiwa kwa kila sentimita 2, kwa hiyo stempu ikiwa na 14 na nyingine 11 hata kama picha ni ileile bei inaweza kuachana mbali sana. Chukua zile za Kenya, Uganda na Tanganyika za King George VI zilizoanza 1938, zilitobolewa kwa vipimo tofauti tofauti, bila kile kipimo cha meno (vile vijipande vya karatasi vinavyobaki kati ya vitobo) utauza ya maana kwa bei ya karanga. Na jino likikatika bei inashuka papo hapo.

Herufi za katikati ni stori nyingine kabisa. Makampuni Uingereza yalianza 1868 kutoboa herufi zao ili wafanyakazi wasiibe stempu wakauze, na wakusanyaji wengi waliziona ni stempu mbovu tu, mpaka leo nyingi ni bei chee. Ila “OS” za serikali ya Australia kwenye stempu za kangaruu, aisee hizo zina bei zake, ndo maana matapeli wanajitobolea wenyewe.

Mi nakimbilia pembeni kwanza.