Poncho au Christopher: Nani Alicheza Karata Vizuri Baada ya RBD?

Mashabiki wa Rebelde hawachoki kubishana. Wote wawili walivaa koti lile jekundu na tai ya shule kwenye tamthilia hiyo ya Meksiko ya kituo cha Televisa, 2004 hadi 2006: Alfonso "Poncho" Herrera akiwa Miguel, Christopher von Uckermann akiwa Diego. RBD, kundi la muziki lililotokana na tamthilia hiyo, lilipovunjika, Poncho aliuacha muziki akashika uigizaji. Christopher akashika vyote viwili.

Kwa uzito wa kazi, Poncho yuko mbele, tena mbali. Tamthilia ya Sense8 ilimpa Hernando, mwalimu wa sanaa mpole. Tamthilia ya Ozark ikampa Javi, bwana wa dawa za kulevya anayetabasamu, nawe mtazamaji unajua kuna mtu hatoki salama. Mwaka 2021 akatwaa tuzo ya filamu ya Meksiko, Ariel, ya mwigizaji bora kwa filamu ya El baile de los 41. Gharama yake ni kwamba Hernando na Javi si wahusika wakuu, unawasubiri watokee.

Christopher alitoa albamu ya Somos mwaka 2010, na katika tamthilia ya Diablero (2018) yeye ni mmoja wa wahusika wakuu. RBD waliporudi kwa ziara ya 2023 alikuwa jukwaani, Poncho hakwenda. Kwa ukaribu na mashabiki, hapo hakuna ubishi. Ila jukwaa linataka matunzo: sauti, mwili, na nyimbo zilezile usiku baada ya usiku.

Kama ulikuwa unazikariri nyimbo, wako ni Christopher. Kama ulikuwa unaruka nyimbo ili uone kisa, fungua Ozark, msimu wa nne.